Ngurumo chini ya boriti

Hamali aliyeipandisha ghorofani ni mtu wa Marikiti, na kazi yake ya kila siku ni magunia ya viazi na mchele. Alipofika kwenye kona ya ngazi akasimama, akaiegemeza ukutani, akauliza, "Kwani mmetia mawe humu?" Nikamwambia ni kompyuta. Akalitazama lile bapa la chuma lisilo na kioo wala vitufe vya kuandikia, kisha akanitazama mimi. Tulikuwa tumepatana shilingi 200. Alipoitua chumbani akaomba 300, nami sikubishana, maana nilishika ncha moja tu na kiganja changu kilikuwa na mstari mwekundu.

Uzito wake wakaribia kilo 26. Ni seva, yaani kompyuta iliyozaliwa kutumikia kompyuta nyingine, ndiyo maana haina haja ya kutazamwa. Jina lake la kiwandani ni Dell PowerEdge R710: upana sentimita 44, unene usiofika 9, na kwenda ndani karibu 70. Kampuni za Ulaya na Ghuba huziweka mashine kama hizi miaka mitatu minne, mitano zikizidi, kisha huzitoa. Zilizotolewa huuzwa kwa mafungu, hutiwa kontenani, na mwisho wake baadhi hushuka Kilindini pamoja na zile kompyuta kuukuu ambazo madukani kwetu huitwa "ex-UK". Ilipokuwa mpya, bei yake ingenunua gari la mtumba. Mimi niliipata kwa bei ya simu ya kawaida, na kiumbe kinachoshuka thamani hivyo kina sababu yake. Sikuuliza.

Niliitaka kwa ajili ya kaseti. Nyumbani kwetu Kibokoni mna makasha ya kaseti za taarabu, nyingine zikiwa na chapa ya Mbwana Radio Service, duka lililorekodi na kuuza sauti za Mombasa kwa miongo mingi: Juma Bhalo, Zein l'Abdin, Zuhura Swaleh, na harusi za watu ambao leo wana wajukuu. Kaseti na hewa ya bahari hazipatani. Utepe hushika ukungu mweupe kama unga, na ukiupitisha kwenye kinanda hulia kama mlango wa kale. Basi nikaazimia kuzihamishia kwenye diski kabla hazijanyamaza. Seva hii ina nafasi za diski mbele, zaingia na kutoka kama droo, na unaweza kuzipanga mbili ziandikwe kitu kile kile, moja ikifa nyingine ipo. Hoja nzuri kabisa. Niliirudia mara nyingi mbele ya mama.

Siku ya kwanza niliiwasha baada ya Isha. Mashine za aina hii zikipata moto wa umeme, feni zote huanza kwa kasi ya mwisho, kwa sababu hazijajua bado joto la ndani ni kiasi gani, na aliyeziunda alichagua tahadhari. Kwa muda wa sekunde kadhaa sauti ilipanda, ikapanda, kama ndege iliyoko mwisho wa barabara yake pale Port Reitz. Paka wa barazani walitawanyika. Dirisha la ng'ambo likafunguliwa. Mama akaita toka chini, "Mwanangu, hiyo ndege yako yaenda Jeddah au yaenda wapi?"

Haikwenda popote. Ilishusha sauti, ikatulia kwenye mvumo wa kudumu, na tangu hapo tukaanza kuishi nayo.

Kelele ile haitokani na ubovu. Joto likishazaliwa ndani ya boksi nyembamba, hapana nafasi ya feni kubwa. Seva nyembamba kabisa, zenye unene wa sentimita nne na nusu hivi, hutumia feni za milimita 40, upana wa vidole viwili, nazo huweza kuzunguka mara 15,000 kwa dakika na kupita. Linganisha na panka la darini, lile lenye mabawa marefu, ambalo hata ukilifungulia mwisho halifiki mara 400. Hewa yahitajika kiasi kile kile. Mwenye bawa dogo hana budi kukimbia. Yangu ni nene kidogo, ina feni tano za ukubwa wa wastani, kwa hivyo kilio chake si cha mluzi, ni cha kuguna. Ukiipunguza feni kasi nusu, umeme inaokula hushuka hadi sehemu moja ya nane, na kelele hupungua takriban desibeli 15. Hiyo ndiyo sababu watu wanaolala na mashine hizi nyumbani, popote walipo duniani, kitu cha kwanza wanachojifunza ni kuidanganya seva iamini kwamba hakuna joto. Ni uongo mtamu mpaka prosesa ianze kuungua.

Nilipima kwa programu ya simu, chombo ambacho hakimu hawezi kukikubali, ikasoma 54 nikiwa kitandani. Kanuni za kelele za Kenya zinataka ndani ya nyumba ya makazi isizidi desibeli 45 mchana na 35 usiku. Kanuni hizo ni za mwaka 2009. Mwaka huo huo ndipo R710 ilipoingia sokoni. Na mwaka huo huo, mwezi wa Juni, ndipo waya wa TEAMS kutoka Fujairah ulipofika Mombasa kwa kupitia chini ya bahari, Rais Mwai Kibaki akaja kuupokea; Julai 23 SEACOM nayo ikafunguliwa. Kabla ya hapo intaneti yetu ilikwenda angani na kurudi kwa satelaiti, polepole na kwa bei ya kuumiza. Sidhani yeyote aliyekuwa pwani siku hizo alifikiria kwamba mlango ule ukishafunguliwa, pamoja na habari zingekuja njaa za mashine. Leo Mombasa ina majumba yaliyojengwa kwa ajili ya mashine hizo, kama la kampuni ya icolo huko Miritini, yenye jenereta na baridi ya kutetemesha. Na ina vijana wanaouza waifai ya mtaa kwa siku na kwa wiki, wenye seva kuukuu chini ya kaunta, nyuma ya pazia, chini ya kitanda. Ukipita uchochoroni usiku, ukasikia nyumba inaguna, si lazima iwe friji.

Tatizo la Mji wa Kale ni kwamba huwezi kuikimbia. Vyumba vyetu vilipimwa na mti. Dari ya kale hushikwa na boriti za mkoko, na boriti nzuri haivuki upana wa mita mbili na nusu, tatu ukibahatika. Urefu wa chumba waweza kuwa wowote utakao, lakini upana umeamuliwa na mkoko tangu babu wa babu. Popote utakapoiweka seva, iko hatua tatu kutoka kwa mtu. Nilitaka kuiingiza ukutani, kwenye kidaka ambamo bibi alikuwa akiweka sahani za Kichina. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa wafika sentimita 50. Mashine ina karibu 70. Ilichomoza kama ulimi. Nikaiweka sakafuni, na sakafu yetu ni dari ya mtu mwingine, nayo boriti ikishika mtetemo haiuachii njiani, huupeleka mpaka ukuta wa pamoja.

Wiki ya pili jirani akabisha hodi. Ni bibi mtu mzima, mwenye adabu kiasi kwamba ukiambiwa jambo naye unaumwa siku tatu. Alikaa, akanywa chai, akauliza hali ya kila mtu mpaka wa Maskati. Ndipo akasema, "Mume wangu tangu astaafu hajapata usingizi kama huu. Yuwalala kama mtoto, yuwadhani yuko melini. Mimi je?"

Mumewe alifanya kazi maisha yake yote katika vyumba vya injini vya meli. Siku ya pili alikuja mwenyewe, hakuja kulalamika, alikuja kuangalia. Alivua kofia, akachuchumaa, akaweka kiganja nyuma ya mashine kama mtu anayemgusa mtoto mwenye homa, kisha akakihamishia mbele. Ilikuwa Februari, kaskazi imesimama, nje nyuzi 32 na hewa nzito ya kukatika kwa kisu. Kile kioo kidogo cha mbele, ambacho mambo yakiwa salama hung'aa buluu, kilikuwa kimegeuka rangi ya chungwa na kuandika E1114. Maana yake: hewa ninayovuta imepita kiasi. Kitabu chake chasema ifanye kazi kati ya nyuzi 10 na 35. Aliyeandika nambari hizo hakuwa mtu mbaya, ila hakuwahi kulala Kibokoni mwezi wa pili.

"Ami, itazimika?" nikamwuliza.

"Yala pumzi yake yenyewe," akasema. "Tazama. Yatoa moto nyuma, moto wagonga ukuta, warudi mbele, yauvuta tena. Ni mtu amejifunika blanketi mpaka usoni halafu yuwalalamika joto."

Akaagiza katoni. Za mafuta ya kupikia ni nzuri kwa kuwa ni ngumu. Tulikata, tukagundisha kwa utepe wa kahawia, tukatengeneza kitu mfano wa bomba la mraba kutoka mgongoni mwa seva mpaka kwenye mdomo wa ngazi. Ngazi zetu ni nyembamba na zapanda wima mpaka juu ya paa. Hewa moto ikishaingia humo hupanda yenyewe na kutokea kwenye tundu la juu, ambalo siku zote tulidhani ni la kuingiza mwanga. Kumbe aliyejenga nyumba alijua. Upande wa mbele mzee akaamuru dirisha la roshani liachwe wazi upande unaopata upepo wa bahari. Baada ya saa moja joto la mdomoni mwa mashine likashuka nyuzi nne. Rangi ya buluu ikarudi. Mzee akavaa kofia.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba majumba makubwa ya seva hayana siri nyingine: raki, yaani kabati za seva, hupangwa nyuso zikitazamana kwenye ujia wa baridi, migongo ikitazamana kwenye ujia wa moto, na kati yake huwekwa kizuizi ili pumzi zisichanganyike. Wao hutumia vioo na plastiki nene. Sisi tulitumia katoni yenye picha ya alizeti.

Watu huniuliza kwa nini nisiweke kiyoyozi. Kwanza, Mji wa Kale uko chini ya hifadhi tangu 1990, na kutoboa uso wa nyumba ya matumbawe ili uning'inize boksi jeupe juu ya mlango wa nakshi ni jambo la kuombewa ruhusa, na mimi binafsi nafurahi ni hivyo. Pili, kiyoyozi hakiui joto. Hakuna kinachoua joto. Kiyoyozi huliokota hapa na kulimwaga pale, nacho chenyewe kikaongeza la kwake, na "pale" katika uchochoro wa mita mbili ni dirisha la yule bibi mwenye adabu.

Na stima italipwa na nani? Seva yangu ikiwa haifanyi lolote, imekaa tu inangoja, hula wati 200 hivi. Kila wati inayoingia hutoka ikiwa joto, yote, hapana inayobaki. Kwa siku ni uniti 4.8, kwa siku 30 ni uniti 144. Friji ya mama, yenye samaki na barafu za kuuza, haifiki nusu ya hapo. Tena kwa utaratibu wa bei ulioanza Aprili 2023, nyumba inayovuka uniti 100 kwa mwezi hupanda daraja la bei, kwa hivyo mashine haikulipiwa peke yake, ilitupandisha sote. Tuseme shilingi 30 kwa uniti pamoja na kodi zake: 4,320 kwa mwezi. Nilikuwa nikinunua tokeni usiku, baada ya watu kulala, nikizifunika zile tarakimu 20 kwa mkono kama mtu anayefanya haramu.

Katika nchi za baridi joto hili ni neema. Mwaka 2023, mji wa Exmouth, kusini-magharibi mwa Uingereza, uliwekewa seva kwenye bwawa la kuogelea la umma, boksi la ukubwa wa mashine ya kufulia, zikazamishwa ndani ya mafuta, na joto lake likapasha maji ya bwawa. Bwawa likapunguza gharama, mwenye seva akapata mahali pa kumwagia joto. Odense, Denmark, joto la jengo kubwa la seva za Facebook hupelekwa kwenye mabomba yanayopasha nyumba za watu. Niliwasimulia barazani. Mmoja akauliza, "Sasa sisi tumpashie nani maji, Bahari ya Hindi?"

Lakini kuna miezi miwili ya masika. Mvua ya Aprili na Mei ikishika kisiwani, hapana kinachokauka. Leso zanuka kwapa la mvua, vitabu vyajikunja, na sare za shule zaenda mwilini na unyevu wake. Nilirudi nyumbani siku moja ya Mei nikakuta mama amefunga kamba ya katani kwenye mdomo wa bomba letu la katoni, soksi nyeupe za wajukuu jozi sita zimepangwa hapo kama mshikaki, zacheza kwenye hewa ya moto. Zilikauka kwa muda wa dakika 40. Siku iliyofuata zilikuwa soksi na shati. Kufikia mwisho wa wiki, yule bibi jirani alileta kanzu ya mumewe ya Ijumaa. Hakuna aliyeizungumzia tena kelele.

Chumvi, hata hivyo, haina simile. Baada ya mwaka skrubu za nyuma zilikuwa na kutu nyekundu, na kila miezi mitatu ilinibidi kuchomoa kumbukumbu zake, vile vibao vya kijani, nisugue miguu yake ya dhahabu kwa raba ya shule. Ukifungua kifuniko utaona vumbi letu ni tofauti na la wengine. Si la udongo. Ni chokaa, jeupe, laini, lililobanduka ukutani na kushuka miaka na miaka, na ndani ya mabapa membamba ya alumini yaliyo juu ya prosesa limeganda kama sukari ya unga kwenye kaimati. Nilikuwa nikilitoa kwa brashi ya rangi, pole pole, nimeshika pumzi. Mara ya mwisho, kwenye kona iliyo karibu na kisanduku cha umeme, palipo na vuguvugu la kudumu, nilikuta mayai mawili ya mjusi kafiri, madogo kama njugu, meupe kuliko chokaa. Nikarudisha kifuniko. Nikangoja wiki tatu. Nilipofungua tena palikuwa na maganda mawili yaliyopasuka, na seva ikawaka bila neno.

Ijumaa usiku, Agosti 25, 2023, kiza kilipoishika nchi nzima, sisi tulikuwa sebuleni. Kitu cha kwanza hakikuwa kiza, kilikuwa kimya. Mvumo uliokaa ndani ya kuta zetu mwaka mzima ukakatika, na nyumba ikarudi kuwa na sauti zake: maji yakidondoka tangini, mtu akikohoa uchochoroni, mwuza kahawa akigonga vikombe mbali, upande wa Ndia Kuu. Mama aliyekuwa amekwisha sinzia akaamka. "Kuna nini?" akauliza. Hakuwa ameona kiza, macho yake yalikuwa yamefungwa. Alikisikia kile kimya. Nikatambua kwamba nilikuwa nimekaza mabega kwa muda wa mwaka, na sasa yameshuka.

Nilikuwa nimeiagiza ijiwashe yenyewe stima ikirudi, kama nilivyoshauriwa na wanaojua. Ndivyo seva zinavyopaswa kufanya. Hawakuniambia kwamba stima hurudi saa itakayo, wala kwamba katika nyumba iliyojaa watu waliolala, feni tano kwa kasi ya mwisho ni sawa na parapanda. Mzee wa melini pekee ndiye hakuamka.

Wala sitajificha: sikuihitaji. Kaseti moja ya dakika 60, ukiihifadhi bila kuibana, hula zaidi kidogo ya megabaiti 600. Kaseti elfu moja zaingia kwenye diski ya kutiwa mfuko wa kanzu. Vijikompyuta vinavyouzwa leo, vyenye ukubwa wa kitabu, hula wati 10, havina hata feni, na kazi yangu yote vingeifanya bila kutoa jasho. Nilinunua chuma kikubwa kwa sababu kilikuwa rahisi na kwa sababu kikubwa hupendeza. Bei ya kununua haikuwa bei yake. Bei yake nilikuwa nikiilipa kwa tokeni, usiku, nimefunika mkono.

Mwaka jana nilihamisha kila kitu kwenye kijikompyuta cha aina hiyo. Kimekaa kwenye kidaka cha bibi, kimeingia chote na nafasi ya sahani moja imebaki. Hakisikiki. Seva nimeizima, ipo chini ya ngazi, imefunikwa kanga iliyochakaa. Nimetafuta mnunuzi. Aliyekuja alitaka kununua kumbukumbu na diski tu, ganda niachiwe mimi. Hamali naye, nilipomwonyesha, alisema kuteremsha ni 400.

Juzi mawingu yalijikusanya upande wa Likoni na matone ya kwanza yakagonga bati. Nikamsikia mama akishuka ngazi pole pole, mkono mmoja ukutani. Akasimama mbele ya ile kanga. Mkono wake wa pili ulikuwa umeshika soksi mbichi.

"Hichi chuma chako," akasema, "kikiwashwa chaweza kuwaka bado?"

Nikaenda kutafuta waya.